Usiende, Nukta

Haya ni ya kweli, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Naapa kwa macho yangu haya mawili, na moja kati yake bado linaona vizuri. Sikutia chumvi. Mimi mwenyewe sikuwapo. Nimeyapata kwa mtu ninayemwamini kuliko ninavyojiamini, na kama kuna mahali patakapoonekana pamevimba, basi palianza kuvimba huko huko yalikotokea.

Kulikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, na ukipanda ngazi ya chuma, juu kabisa, ulikutana na chumba chenye meza moja, viti viwili na dirisha lisilofunguka kwa sababu ya rangi iliyopakwa na mtu mwenye haraka. Hicho kilikuwa chumba cha usahihishaji. Kila kitabu, kila kalenda na kila tangazo la msiba lilipita pale kabla ya kwenda mtamboni.

Kazi yenyewe hufanywa na watu wawili. Mmoja hushika muswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na alama zake zote. Mwingine hukaa upande wa pili wa meza na prufu, yaani karatasi ya majaribio iliyotoka kwa mpanga herufi, akifuatisha mstari kwa mstari. Akisikia neno asiloliona kwenye prufu, huliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, na mpanga herufi huliingiza. Huyu wa pili hauoni muswada. Anachokisikia ndicho kilichoandikwa. Hiyo ndiyo sheria ya chumba, na bila hiyo kazi haisogei.

Msomaji waliyemwita Redio alikuwa mwanamume wa makamo aliyekwisha kuvuka makamo, mjane, mwembamba mwili mzima isipokuwa sauti. Sauti yake ilikuwa hivi: alisoma siku moja orodha ya bei za misumari, na wapakiaji waliokuwa chini walipotoka kazini walikwenda kununua misumari, na hakuna aliyekuwa na kitu cha kupigilia. Mwenzake alikuwa mwanamke waliyemwita Bi Rula, kwa sababu ya rula ya mbao aliyoitembeza chini ya kila mstari. Hakuwahi kuolewa. Alimuuguza mama yake mpaka siku mama alipofariki, na alipomaliza matanga alirudi kazini, akakaa, akasema, "Tuliishia ukurasa gani?"

Walikaa hivyo uso kwa uso miaka mingi, mmoja anasema na mwingine anasikiliza, na mchana kutwa maneno yote yaliyopita kati yao yalikuwa ya watu wengine.

Ya kwao wenyewe yalikuwa mzaha tu. Redio akiona dada wa watu anasinzia juu ya taarifa ya mwaka ya kampuni ya saruji, alichomeka neno lake: "Mauzo yaliongezeka, koma, na mwenyekiti akameza kofia yake, nukta." Rula ilipiga meza hapo hapo.

"Rudia, wewe mzee."

"Mauzo yaliongezeka, nukta."

"Mwenyekiti je?"

"Anaendelea vizuri, dada. Kofia imetoka."

Hakuna hata mara moja aliyompita. Redio alijaribu maneno makubwa, maneno madogo, hata "na" moja ya ziada, na rula ilimdaka. Chini kiwandani walisema wale wawili ni kama mume na mke, ila hawapeani pesa ya matumizi.

Ndipo kikaja kile kitabu.

Ilikuwa riwaya ya mapenzi na vita, vita vile vya kuchimba mahandaki na kukaa humo kama fuko. Askari mmoja, kijana aliyejua kusoma, alikuwa akiwasomea wenzake barua zao na kuwaandikia majibu, maana wengi hawakujua kalamu inashikwa upande gani. Aliandika "mpenzi wangu" kwa wake wa watu mchana kutwa, matope yakimfika magotini na panya wakimpitia begani. Kwa msichana wake mwenyewe, aliyekuwa nyumbani kwao nyuma ya mlango wa buluu, aliandika habari za mvua tu. Kila akitaka kuandika la moyoni, ama mzinga unalia ama mshumaa unazimika.

Bi Rula hakuwa mtu wa kulizwa na vitabu. Alikwisha kusahihisha riwaya za watu kufa kwa kila namna. Lakini ilipofika sura ambayo askari anamsomea rafiki yake barua ya mkewe, na rafiki amekwisha kata roho na yeye hajui, anaendelea tu kumsomea, rula ilisimama katikati ya mstari.

"Ngoja," alisema.

Redio alingoja. Bi Rula alitoa leso, akapangusa miwani upande wa nje, kisha upande wa ndani, kisha macho.

"Vumbi la chumba hiki," alisema.

"Dirisha lenyewe halifunguki, dada. Vumbi linaingilia wapi?"

"Soma, bwana."

Alisoma. "Na mkeo anakusalimu, koma, nikamwambia, koma, lakini mkono wake ulikuwa baridi, nukta." Sauti iliyouza misumari ilipasuka hapo kama bati. Alijidai anakohoa. Alikohoa mpaka ukurasa ukaisha, na siku hiyo hakuchomeka mzaha hata mmoja.

Katikati ya kitabu, wakati wa chai, Bi Rula alisema huku anakoroga kikombe kisicho na sukari, "Kaka yangu ananiita."

"Anakuitia nini?"

"Nikakae kwake. Mkewe ameondoka, nyumba kubwa, watoto wanasumbua. Anasema kwani wewe huko una nani."

"Ukamjibu nini?"

"Sijamjibu. Anataka jibu Ijumaa." Aliinua macho. "Unaonaje?"

Kama kuna mtu aliyewahi kufunguliwa mlango mpana kuliko huo, simjui. Redio aliutazama, akaona jinsi ulivyo mpana, akaogopa upepo.

"Kaka yako ana redio nyumbani?" alisema.

"Anayo."

"Basi hutanikosa."

Bi Rula alicheka kidogo, akanywa chai yake, na kikao kikaisha.

Redio usiku hakulala, lakini hayo tuyaache, kila mtu ana usiku wake. Asubuhi walifika barua ya mwisho ya yule askari. Anajua kesho wanatoka handakini kuvuka seng'enge na hatarudi. Ameshika kalamu. Kwa mara ya kwanza anamwandikia msichana wake kama anavyowaandikia wake za wenzake. Ilikuwa barua nzuri. Redio aliisoma kwa sauti ile ile ya kazi, haipandi wala haishuki, na alipofika mahali mwandishi alipoweka nukta, yeye hakusimama.

"Maisha yangu yote nimesoma maneno ya watu wengine, koma, kwa sababu la kwangu moja lilinishinda kusema, nuktambili, usiende, nukta."

Akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye muswada, kwenye nafasi nyeupe ambayo haikuwa na neno lolote. Alisubiri rula ipige meza.

Rula haikupiga.

Alisikia kalamu ikikwaruza. Iliandika polepole, ikasimama, ikaweka alama, ikaendelea mpaka mwisho. Bi Rula hakuinua kichwa.

"Endelea," alisema.

Redio aliendelea. Alijiambia: hakusikia kuwa ni mimi, ameiandika kama ya mwandishi, basi. Kisha alijiambia: amesikia. Kisha: akisikia atasema. Na kwa kuwa Bi Rula hakusema, yeye naye hakusema, na prufu ikashuka ngazi kwenda kwa mpanga herufi na kalamu nyekundu pembeni, na hakuishusha mwingine ila Redio mwenyewe, kwa mikono yake, kwa sababu ilikuwa zamu yake. Alikuwa na ngazi nzima ya kufikiri. Alifika chini, akaikabidhi.

Ijumaa ikapita. Bi Rula hakwenda kwa kaka yake. Redio hakuuliza kwa nini. Alishukuru kimyakimya, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hataki kuulizwa ni cha nani. Mizaha ikarudi, tena kwa fujo. Katika kitabu cha kilimo alitia mbuzi aliyesomea udaktari. Bi Rula alipiga meza, akacheka, na baada ya kucheka alikuwa akibaki anamtazama kitambo, rula hewani.

"Mbona unaniangalia, dada?"

"Nangoja. Labda una lingine."

"Ninalo la mbuzi huyo huyo."

"Haya, soma."

Kitabu kikatoka mtamboni, kikafungwa, kikapakiwa. Na siku chache baadaye mwandishi akaingia kiwandani na nakala mkononi, kidole kikiwa ndani yake kama kabari.

Waliitwa wote wawili ofisini kwa meneja. Mwandishi alikuwa bwana mfupi mwenye koti zito, na hakukaa.

"Aende wapi?" alifoka. "Msichana wangu hajatoka hata mlangoni kwake kitabu kizima! Anakaa nyuma ya mlango wa buluu, anasubiri. Aliyekwenda ni askari! Sasa huyu anayeambiwa usiende anakwenda wapi? Nani amenitilia maneno mdomoni?"

Meneja alikuwa amekwisha kuitoa prufu kabatini. Aliilaza mezani. Mwandiko mwekundu ulionekana hata kwa aliyesimama mlangoni.

"Bibi, huu si mkono wako?"

"Ni wangu," alisema Bi Rula.

"Muswada hauna maneno haya. Umeongeza maneno kwenye kitabu cha mtu. Unajua hilo ni kufukuzwa kazi, siku hiyo hiyo, bila barua ya sifa."

"Niliandika nilichosikia."

"Ulikisikia kwa nani?"

Bi Rula aligeuza uso akamtazama Redio. Redio aliyaona macho yale, akayasoma. Yeye, aliyesoma kila kitu kilichowahi kupigwa chapa katika mji ule, aliyasoma vibaya. Alidhani yanasema niokoe.

"Ni mimi, bosi," alisema. "Mimi ndiye niliyeisoma."

"Kwa nini?"

Sasa hapo. Redio aliwaona wapakiaji wamejazana mlangoni, wafunga vitabu, mfagiaji na ufagio wake, wote masikio. Akifungua mdomo akasema kweli, kabla ya saa ya chai kiwanda kizima kitakuwa na wimbo wa Bi Rula na mzee wake, na wimbo huo utaimbwa mpaka astaafu. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Mtu akiogopa, sababu hazimwishii.

"Mzaha," alisema.

"Mzaha?"

"Mzaha tu, bosi. Tuna mchezo wetu. Namtilia maneno ya ovyo nione kama amelala." Watu mlangoni wakaanza kutabasamu, na Redio akiona watu wanatabasamu hawezi kujizuia, ndiyo maradhi yake. "Ningeweza kumsomea ng'ombe amepanda bati, angeandika. Yalinijia tu mdomoni. Hakuna maana yoyote pale."

Wakacheka. Mfagiaji alicheka mpaka akaegemea ufagio. Bi Rula aliacha kumtazama, akatazama prufu, mwandiko wake mwenyewe, kama unavyoitazama picha yako ya zamani ukajiuliza ile nguo uliivalia nini.

Mwandishi peke yake hakucheka. Alikaa kitini hatimaye, kitabu magotini.

"Ajabu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mke wangu alilia hapo."

"Wapi?" meneja aliuliza.

"Hapo hapo. Miaka nimekitolea jasho kitabu hiki, wamekufa watu humo kila sura, na yeye anafunua kurasa kama anachambua mchele. Amefika hapo akalia. Hapo tu." Alikifunga kitabu. Alifikiri, na ulionekana uso wake ukifikiri. "Chapa ya pili... iacheni."

"Iachwe?"

"Iachwe. Lakini nisisikie huko nje kwamba kuna msomaji wa prufu aliyeniandikia. Huyu aseme hapa, mbele ya watu, sentensi ni ya nani."

Meneja alimgeukia Redio. Kila mtu alimgeukia Redio, isipokuwa mmoja.

"Ni ya mwandishi," alisema Redio.

Kwa hiyo Bi Rula akabaki na kazi yake, na Redio akatolewa kwenye usomaji, akapelekwa stoo ya karatasi, akafungue na kufunga marobota mpaka siku zake za kustaafu zitimie. Watu waliona amepona kwa bei rahisi.

Alipanda juu kuchukua miwani yake. Bi Rula alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono mezani, na hakukuwa na karatasi mbele yake.

"Yule msichana wa kitabuni," alisema, "alikuwa anakwenda wapi?"

Redio aliiokota miwani yake, akaipangusa.

"Nakuuliza wewe msomaji. Alikuwa anakwenda wapi?"

"Hakuwa anakwenda popote."

"Basi. Miaka yote nimekudaka hata kwa 'na' moja. Hiyo ulidhani imenipita?"

Redio aliketi.

"Uliiandika ukijua?"

"Niliiandika nikijua. Nilisema, mtu akishindwa kunitamkia, acha basi iwe imeandikwa mahali. Jioni ile ile nikampelekea kaka yangu jibu kwamba siji. Nikakaa kukungoja useme la pili. Umenipa mbuzi."

"Dada, pale chini nilisema mzaha ili usifukuzwe."

"Kunitetea ungesema 'ni mimi' ukafunga mdomo. Ilitosha. Ng'ombe na bati nani alikuuliza? 'Hakuna maana yoyote pale', nani alikuuliza? Hayo uliyaongeza mwenyewe."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali.

"Halafu ukampa mwandishi," alisema. "Ilikuwa yangu. Ukampa yule bwana wa koti."

Mtambo wa chini ulianza kuzunguka, na vikombe viwili vya chai vikatetemeka dirishani. Bi Rula alikunja mikono.

"Haya. Hakuna meneja hapa, hakuna muswada. Nasikiliza. Sema."

Redio alifungua mdomo. Sauti ilikuwepo, ile ile, aliisikia imejaa kooni. Maneno nayo alikuwa nayo, si mengi. Alimtazama yule mwanamke, mvi zake, alama ya miwani puani, wino mwekundu kidoleni usiotoka tena kwa sabuni yoyote, akaona jinsi anavyosikiliza, kwa mwili mzima, kama alivyomsikiliza kila siku. Akaogopa kama hajawahi kuogopa.

"Nisome pamoja na alama," alisema, "au bila alama?"

Bi Rula alicheka. Alicheka kweli, maana ilichekesha, na kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Kisha kikaisha.

"Bila," alisema.

Akangoja tena.

Redio aliitazama meza. Akaikuna kwa ukucha, mahali palipokuwa na doa la gundi, akalikuna lile doa kwa bidii kana kwamba ndilo alilopandia ngazi. Alipoinua macho Bi Rula alikuwa amesimama, mkoba begani, anazima taa ya mezani.

Mwezi uliofuata alikwenda kwa kaka yake. Wafanyakazi walimchangia sufuria, na Redio alitoa hotuba ya kumuaga kwa niaba ya stoo, na hotuba ilichekesha sana.

Kitabu kilipigwa chapa ya pili, na ya tatu. Karatasi zote zilipitia stoo, Redio akazibeba begani. Halafu watu wakaanza kuagiza kadi za harusi zenye ile sentensi chini ya majina ya bwana na bibi harusi, na chini yake jina la mwandishi kwa herufi za mlazo. Maboksi kwa maboksi. Aliyafunga kwa kamba. Mara moja mtaalamu wa vitabu alisema redioni, redio ya kweli hii, kwamba "usiende" ile ni nchi inamwambia askari. Redio hakumwambia mtu yeyote kilichotokea mle chumbani, si meneja, si wapakiaji, si jamaa zake. Alistaafu na kinywa kimefungwa.

Hapo nilikuwa nimemaliza, na wazee wenzangu wa benchi la chai walikuwa kimya, kimya kile ambacho msimuliaji hukinywea chai yake taratibu. Ila tunaye mmoja kati yetu, fundi saa, anayesikiliza amefumba jicho moja kwa mazoea ya kazi. Huyo alilifumbua.

"Ngoja, mzee mwenzangu. Mle chumbani mwishoni walikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Bibi alikwenda kwa kaka yake. Amerudi?"

"Hajarudi."

"Ana uhusiano na wewe? Anakuandikia?"

"Haniandikii."

"Na huyo Redio, umeapa hapa, hakumwambia mtu."

"Hakumwambia mtu."

"Basi ile 'bila' umeitoa wapi?"

Nilitafuta mzaha. Mimi huwa sikosi. Nilipapasa mfukoni mwa kichwa kote, na wote walikuwa wananitazama, hata yule asiyesikia vizuri.

Benchi letu lina sheria: anayekamatwa katika simulizi lake anawanunulia wote chai. Nikamwita mwenye birika, nikalipa, vikombe vikazunguka. Hakuna aliyenidhihaki, na hilo ndilo lililoniuma. Fundi saa alinisogezea kikombe cha kwanza mimi mwenyewe, na tukanywa.